Kiti cha Mgeni Chini ya Mtundu

Nyuki wa kwanza aliingia kwenye chupa ya soda ya shangazi mnamo saa tisa alasiri, MC akiwa ndiyo kwanza anawaita wazazi wa binti wasogee mbele. Shangazi hakumwona. Aliyemwona ni wa pili, aliyetua kwenye mdomo wa chupa na kuanza kuuzunguka taratibu kama mkaguzi wa mizani. Alipofika wa kumi, meza nzima ilikuwa imesimama. Kijana mmoja akampiga mmoja kwa kitenge, akamponda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana nyuki aliyepondwa hutoa harufu inayowaita wenzake vitani. Shangazi, na miaka yake sabini na kitu, aliruka mkeka akatokomea nyuma ya nyumba peku. Viatu vyake vilibaki chini ya meza hadi magharibi.

Ilikuwa sendofu ya binti wa dada yangu, Tabora mjini, mwezi wa Oktoba. Kwa asiyeijua Tabora ya Oktoba: mvua ya mwisho ilikwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, udongo umekuwa unga, na kila chenye mabawa kinatafuta maji. Sisi tulikuwa tumepanga makreti ya soda chini ya mti wenye nyuki. Kama vile hilo halikutosha, vijana wa muziki walikuwa wameegemeza spika kwenye shina la mti huohuo. Mti wenyewe ni mtundu, mkubwa, una shimo usawa wa paa la nyumba, na ndani ya shimo lile nyuki wameishi tangu kabla dada hajajenga.

Jumatatu yake alikuja fundi wa pevingi na futi yake. Akapima, akahesabu, akasema, "Mama, huu mti ukiondoka, hapa panaingia watu mia mbili bila kubanana." Dada akaniangalia. Nilikuwa bado na uvimbe kwenye sikio. Mpango wake ulikuwa umekamilika kichwani: mtundu ukatwe, uwanja wote uwe pevingi, pembeni ipandwe miashoki kwa mstari, na upande wa mbele majani ya kapeti, sasa kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini na bomba halikatiki kama zamani. Ni mpango wa nusu ya nyumba mpya za Tabora, na za Dodoma, na za Mwanza. Nikamwomba anipe wiki moja.

"Wiki ya nini?" akauliza. "Wewe unarudi Dar. Mimi ndiye nitakayebaki na hao wadudu."

"Wiki moja tu, dada. Halafu ukate."

Nilichofanya ni kumpeleka Kwihara.

Watu wa Tabora huenda Kwihara wakiwa wanafunzi, mara moja, kwa basi la shule, wakaambiwa hapa alikaa Livingstone, wakapiga picha mlangoni, basi. Dada naye alikuwa hajarudi tangu darasa la sita. Ni kilometa chache tu nje ya mji, upande wa kusini-magharibi. Tembe alilokaa Livingstone lilijengwa upya mwaka 1957 kwa mfano wa lile la zamani, nalo sasa ni makumbusho: kuta nene za udongo mwekundu, mlango wa nakshi kama wa Unguja, na ua wa ndani ambao ukiingia mchana wa jua unahisi mtu amekufunika khanga iliyoloweshwa. Stanley alifikia huko Juni 1871 akiwa anamtafuta Livingstone, akakaa miezi mitatu akingoja njia ya Ujiji ifunguke, kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa ameifunga kwa vita. Mwaka uliofuata akarudi akiwa na Livingstone. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi.

Hayo yako kwenye vitabu vya shule. Mimi nilimpeleka dada kwa sababu ya bustani. Stanley, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, ameandika kwamba kuzunguka matembe yao Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, walikuwa wakilima michungwa, milimau, mipapai na miembe, na pamoja nayo vitunguu, saumu, pilipili, matango, nyanya na biringanya. Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora hii hii, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, naye alishangaa kuona nyumba kubwa zenye bustani pana katikati ya bara. Alipokelewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Na jambo linalonihusu zaidi ni hili: mgeni hakukaribishwa katikati ya uwanja. Alikaribishwa kwenye baraza, benchi pana la udongo lililojengwa chini ya upenu mrefu mbele ya mlango, likatandikwa mikeka. Mgongo ukutani, kivuli juu, macho yanatazama bustani na njia.

Tulikaa pale dada na mimi, mgongo ukutani. Akatazama uwanja, akatazama miembe iliyo kando ya barabara, akanyamaza kitambo.

"Kwa hiyo wageni walikuwa wanakaa pembeni," akasema.

"Pembeni. Katikati waliwaachia kuku na miti."

Hapo ndipo mpango wa pevingi ulipoanza kuyumba. Sitaki kusema ulianguka pale pale. Dada yangu si mtu wa kushawishika kwa safari moja ya makumbusho.

Kwa nini nyumba za njia ya misafara zilipangwa vile? Kwa sababu kupokea wageni ndiyo ilikuwa kazi yenyewe ya mji. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilometa 1,200 za miguu, na Tabora ndipo njia zilipogawanyika: moja kuelekea Ziwa Tanganyika, moja kuelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Misafara ilipumzika hapa wiki, pengine miezi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Walipita pia watu ambao hawakuja kwa hiari, wamefungwa shingoni, nao hawakukaribishwa kwenye baraza la mtu yeyote. Kivuli cha miembe ile kina historia mbili, na anayesimulia moja tu anadanganya. Njia hiyo, pamoja na vituo vyake kama Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, imo tangu mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapeleka UNESCO. Wazee wengine watakuambia miembe iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi, wengine watasema ilipandwa kwa makusudi ili watu wapate kivuli. Vyovyote iwavyo, leo ukitaka kujua msafara ulipita wapi, unaweza kuanza kwa kuuliza miembe mikongwe iko wapi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ikafa. Miembe ikabaki kazini.

Na kwa kuwa nimetaja mwembe, ngoja niseme neno juu ya nzi. Mgeni wa mjini akiwaona nzi wadogo kwenye maua ya mwembe mwezi wa saba huomba dawa ipulizwe. Basi ajue kwamba mwembe huchavushwa zaidi na nzi na wadudu wengine wadogo kuliko nyuki. Ukiwaua hao Julai, usiulize Desemba kwa nini maembe ni machache.

Turudi uwanjani. Bustani inayokaribisha watu na viumbe kwa pamoja, kwetu, haishindwi kwa sababu ya fedha wala ya miche. Inashindwa kwa sababu ya ufagio. Uwanja mzuri Unyamwezini ni uwanja uliofagiwa: udongo mtupu, mistari ya fagio inaonekana, hakuna jani. Binti aliyelelewa vizuri anajulikana kwa mistari hiyo kabla jua halijachomoza. Wataalamu wa mazingira wanaokuja na vipeperushi huona hiyo ni ujinga, wakatuambia tuache majani yaoze chini ya miti. Hawajawahi kumkanyaga kifutu. Kifutu hulala kwenye majani makavu, rangi yake ni ya majani makavu, na hakimbii akisikia hatua. Swila naye anapenda vifusi na rundo la kuni. Uwanja uliofagiwa ni kinga ya afya iliyobuniwa na watu wanaoishi na nyoka, na bustani yoyote itakayopangwa Tabora bila kuiheshimu itadumu hadi siku mtoto wa jirani atakapoumwa.

Lakini bibi zetu hawakufagia kila mahali. Wanyamwezi na Wasukuma wana kitu kinaitwa ngitili: eneo linalozungushwa mpaka na kuachwa, halilishwi wala halikatwi wakati wa mvua, ili kiangazi mifugo iwe na majani. Huko Shinyanga, ambako miti ilikuwa karibu imekwisha, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 ukaurudisha utaratibu huo, na maelfu ya hekta yakarudi kuwa pori. Jambo la kutazamwa ni kwamba sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa. Ilikuwa visiki vilivyo hai ardhini, ikapigwa marufuku kuvikata.

Kwa hiyo swali tulilojiwekea halikuwa "bustani au uwanja." Lilikuwa: fagio liishie wapi?

Jibu la dada, baada ya kuzunguka kiwanja mara tatu na kijiti akichora chini, lilikuwa mstari. Kiwanja chake ni hatua arobaini kwa thelathini, nyumba iko upande wa magharibi. Kuanzia ukuta wa nyumba hadi hatua kumi na tano ni ufagio: udongo ulioshindiliwa, hakuna pevingi isipokuwa mita chache mlangoni za kuzuia tope la Februari. Ubavuni mwa nyumba akajenga baraza la tofali za kuchoma lenye upana wa kulaza mtu, chini ya upenu aliourefusha kwa nguzo na mabati manne. Baraza lile huketisha watu ishirini bila kiti hata kimoja cha kukodi. Siku ya shughuli, turubai linafungwa kutoka kwenye upenu kwenda mbele, siyo kutoka kwenye mti. Mbele ya hapo ni mstari wa mawe meupe, yaliyopakwa chokaa ili yaonekane usiku. Ng'ambo ya mawe, ufagio hauingii. Njia moja tu, pana hatua mbili, inapita katikati hadi mwisho wa kiwanja, nayo inafagiwa kila asubuhi kama barabara ya ikulu. Kuni zote ziliwekwa juu ya kichanja, mbali na ardhi. Banda la kuku likahamishiwa upande wa jikoni, maana panapolala kuku pana mayai na panya, na hivyo viwili ndivyo vinavyomwita nyoka kuliko jani lolote.

Baada ya hapo ndipo tukafika kwenye mtundu.

Mzee aliyekuja kuwaondoa nyuki ni mrina asali kutoka Sikonge. Alifika jioni na baiskeli, bomba la moshi limefungwa nyuma kwa mpira, akasalimia. Dada akamjibu kwa Kinyamwezi, wakaulizana habari za kwao kwa muda ambao fundi wa pevingi angeshapima viwanja viwili. Kisha akauzunguka mti bila haraka, akatazama shimo, akafuata kwa kidole mstari wa nyuki wanaorudi. Ulikuwa unapita sawasawa juu ya mahali tulipokuwa tumeweka meza ya soda.

"Mayu," akamwambia dada, "hawa hawakuwafuata ninyi. Walifuata maji. Ninyi mlikaa barabarani kwao."

Hata hivyo hakushauri wabaki. Nyuki wetu wa pori ni wakali, spika na jenereta huwatibua, na hatua kumi na tano kutoka kwa watoto si umbali wa kufanyia majaribio. Alipanda usiku, kwa ngazi, kurunzi yenye karatasi nyekundu imefungwa kichwani, kwa kuwa nyuki hawauoni wekundu vizuri. Akapuliza moshi, akangoja, akapuliza tena. Akapanua mdomo wa shimo kwa patasi na kuanza kutoa masega moja moja. Ya asali aliyaweka kwenye ndoo. Yenye majana aliyashika kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akayafunga kwa kamba za mgomba kwenye vijiti vya juu vya mzinga wa sanduku, akayapanga kwa mfuatano uleule yalivyokuwa mtini. Akiwa amebakiza kidogo akanyamaza, akasogeza kurunzi, halafu akatumbukiza mkono mtupu na kutoka na konzi ya nyuki, akaimimina sandukuni kama maharage. "Malkia yumo," akasema. Kweli, katika nusu saa iliyofuata waliobaki wakaanza kuingia sandukuni wenyewe kwa miguu, mstari mweusi ukitembea kwenye gome. Alfajiri alilifunga sanduku kwa gunia la mkonge, akaliondoa. Shimo akaliziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu ili kundi lingine lisivutwe na harufu ya nta.

Wiki mbili baadaye alirudi na gogo la urefu wa mkono, limezibwa kwa udongo pande zote mbili, na kwenye tundu lake katikati kimechomoza kibomba chembamba cha nta, chepesi kama mrija wa juisi. Ndani mna nyuki wadogo wasiouma. Wanaingia na kutoka kwenye kile kibomba mmoja mmoja, wadogo kuliko sisimizi wa sukari, na ukiwasumbua sana watakuja kukutambalia nywele, basi. Asali yao ni kidogo, nyepesi, ina uchachu, na huuzwa ghali kuliko ile ya kawaida kwa kuwa watu wanaitumia kama dawa ya kifua. Gogo lilitundikwa chini ya upenu wa baraza, usawa wa macho. Dada aliniambia kwa simu kwamba sasa wageni wakiishiwa maneno wanatazama kibomba.

Kuhusu miche, tulikosea. Dada alikusanya mbegu za mtundu mwezi wa tisa, wakati maganda yanapopasuka kwa kishindo na kuzirusha mbali (mtu asiyejua hudhani kuna mtoto anarusha mawe kwenye bati). Akajaza viriba udongo mzuri wa samadi alionunua, akapanda, akamwagilia. Ziliota zote. Baada ya miezi mitatu zikawa za njano kama karatasi za zamani, na nyingi zikafa. Kosa lilikuwa kwenye udongo wenyewe, mzuri kupita kiasi na usio na wenyeji wake. Mtundu na ndugu yake muva huishi kwa ubia na kuvu wa ardhini wanaoizungushia mizizi yake midogo na kuipatia madini, nayo miti huwalipa sukari. Ni kuvu haohao ambao wakati wa mvua hutoa uyoga mkubwa unaouzwa kwa beseni kando ya barabara za Tabora. Mara ya pili dada alichanganya viganja viwili vya udongo wa chini ya mtundu mama katika kila kiriba. Tofauti ilionekana kwa macho. Na hata hivyo, mche wa miti hii kwa miaka ya mwanzo huwekeza chini, kwenye mzizi. Shina linaweza kukauka kila kiangazi na kuchipua upya mvua ikija. Ukiona kijiti kikavu usiking'oe.

Lakini ushindi wa kweli ulitoka tusikotarajia, yaani HASHI ndogo ya mwisho wa kiwanja. Kando ya mpaka wa mashariki kulikuwa na visiki vitatu ambavyo kijana wa kazi alikuwa akivifyeka kila mwaka kwa miaka kumi. Kazi pekee tuliyoifanya ni kumkataza. Kila kisiki kikatoa machipukizi kadhaa, tukaacha mawili yenye nguvu, mengine tukayapunguza. Mvua ya pili yalikuwa yamenifika kifuani. Kisiki kimoja ni cha muva, viwili ni vya mninga, ule mti ambao kila mtu Tabora anautaka ukiwa kitanda na hakuna anayeutaka ukiwa uwanjani. Ukiukwangua gome, mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbegu yake imekaa kwenye duara lenye bawa pembeni na miiba katikati, watoto wa dada huzirusha kama visahani.

Katikati ya hivyo tulipanda matunda ya porini: mtonga, mtalali na mbula. Kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji, kilishirikiana kwa miaka na watafiti wa kilimo mseto kujaribu kuyafuga matunda haya mashambani, na wenye kujali wanaweza kuuliza huko au kwa watu wa misitu kuhusu miche. Mtonga ndio ninaoupenda: tunda la ukubwa wa chungwa, ganda gumu la kupasuliwa kwa jiwe, nyama tamu unayoifyonza huku kokwa ukizitema. Mpakani tukaacha minyaa iliyokuwepo. Ni ua wa kale kabisa wa Unyamwezi, Burton aliukuta ukizunguka vijiji, na ndege wadogo hulala humo kwa sababu paka hawezi kupita. Utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo uko nyuma, watoto hawachezi huko. Mbele, kando ya mawe meupe, kuna mishubiri inayochanua kiangazi, na hapo ndipo chozi huja asubuhi, dume na koti lake linalong'aa, akining'inia kichwa chini mbele ya watu wanaokunywa chai.

Sehemu ya maji ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo iliyotatua ugomvi. Karai pana, limefukiwa nusu mwisho kabisa wa ile njia, limejazwa kokoto ili maji yasizidi kina cha kucha. Nyuki hawezi kuogelea, anahitaji pa kusimama anywe. Linajazwa kila asubuhi kuanzia Juni, kabla hawajazoea bomba la jikoni, maana wakishaizoea njia ya maji ni kazi kuwabadilisha. Sasa wanaokuja kunywa hapo ni wa mizinga ya watu wengine, na manyigu, na vipepeo, na usiku chura na kalunguyeye mmoja ambaye dada anasema ni wawili.

Huko Uingereza shirika la Plantlife limekuwa likiwahimiza watu tangu mwaka 2019 wasikate majani yao mwezi wa Mei ili maua ya porini yachanue. Mei yetu sisi ndiyo majani yanaanza kukauka, na kishawishi ni kiberiti. Ningekuwa na mamlaka ningeomba hilo tu, kwamba viwanja vya mjini visichomwe kiangazi. Mtundu huota majani mapya mekundu kama shaba mwezi wa Septemba, mwezi mzima kabla ya mvua, na huchanua wakati huohuo. Muva husubiri mvua zikaribie kuisha. Kati ya hivyo viwili ndimo ilimo asali ya Tabora. Nje ya mji miti hii inapungua, kwa mkaa, kwa mashamba, na kwa kukausha tumbaku ambayo kila bani lake linakula kuni. Mti mmoja wa uwanjani hauwezi kuziba pengo hilo. Unaweza kuwalisha nyuki wa mtaa mmoja wiki tatu za mwaka, na hilo si dogo kwa nyuki wa mtaa huo.

Je, uwanja unaingiza watu mia mbili? Hapana. Unaingiza themanini, tisini wakibanana. Dada alilalamika juu ya hilo hadi nilipomwuliza amefanya shughuli ya watu mia mbili mara ngapi tangu ahamie. Mara moja, ile ya nyuki. Tumezoea kupanga viwanja vyetu kwa ajili ya siku moja ya turubai, tukaishi na zege lililochemka siku nyingine zote za mwaka.

Oktoba iliyopita binti aliyeagwa siku ile alirudi nyumbani na mtoto wa siku arobaini. Nilisafiri kwa makusudi, na nakiri sikwenda kwa ajili ya mtoto peke yake. Jua lilikuwa lilelile, vumbi lilelile, mtundu umevaa majani yake mekundu. Pilau lilipikwa upande wa jikoni, soda zilikaa ndani ya nyumba zikatolewa kwa sinia, zimemiminwa kwenye vikombe vyenye vifuniko. Kulikuwa na matobolwa na michembe ya kutafuna, na kisahani cha asali. Spika ilikaa ukutani. Wanaume walitandika mikeka kivulini, akina mama wakalichukua baraza lote bila kuomba ruhusa.

Shangazi alifika mwisho, amevaa viatu vya kufunga kwa kamba. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Hakuitikia hadi alipomaliza kuukagua mtundu kuanzia chini hadi kwenye kiraka cha udongo kilichoziba shimo. "Marahaba," akasema, akaketi mwisho wa baraza, karibu na mlango kwa usalama. Kwa saa nzima hakuzungumza na mtu. Nilidhani bado ana kinyongo, mpaka nilipoona anachokitazama. Uso wake ulikuwa shibri moja kutoka kwenye kile kibomba cha nta, na kidole chake kilikuwa kinahesabu.

"Hawa," akamwuliza dada bila kugeuka, "chupa moja mnauza shilingi ngapi?"